Ofisi ikichelewa, mzigo abebe nani?

Ndugu na jamaa wanaonipigia simu kutoka Tanzania huniuliza habari za baridi na za ubaguzi. Kibali cha ukaazi hawakiulizii, na siwalaumu, maana anayeishi kwao hana tarehe inayomwambia mwisho wa kukaa kwake. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa Kiafrika hapa Ujerumani ni nini kinachomkosesha usingizi, mtihani atautaja wa pili. Cha kwanza ni ile kadi ya kibali yenye picha yake na tarehe ya kwisha.

Sheria ya ukaazi ya hapa, kifungu cha 16b, inasema kibali cha mwanafunzi wa chuo kikuu hutolewa na kuongezwa kwa muda ambao kwa kawaida hauzidi miaka 2. Uzamili kwenye makaratasi ni miaka 2, ila wengi tunaokuja na lugha mpya na kazi za jioni tunauvuka muda huo. Kwa hiyo kuhuisha kibali hakumkuti mzembe peke yake. Ni sehemu ya masomo, ingawa hakuna mhadhara unaoifundisha.

Vinavyotakiwa vinajulikana: pasipoti iliyo hai, uthibitisho kwamba bado umesajiliwa chuoni, bima ya afya, anwani uliyoiandikisha mjini, na ada ya euro 93. Hivyo ni vya kukusanya tu. Kizito ni kuonyesha kwamba unaweza kujitunza. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na wengi huionyesha pesa hiyo kwenye akaunti iliyozuiliwa, ambayo unachota kila mwezi kwa kipimo. Asiye na mzazi mwenye nazo wala ufadhili anatakiwa aonyeshe mishahara yake. Hapo ndipo inapoingia kanuni nyingine, kwamba tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku kamili 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kwenye hesabu zinatosha. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, euro 12.82 kwa saa, siku 140 za saa 8 zinapita hizo 11,904 kabla ya makato. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye kazi isiyokatika, na mwanafunzi mwenye maabara asubuhi na mitihani Februari kazi ya namna hiyo haipati kirahisi.

Nyumbani nako hatukuwa na pesa. Boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa tulikula kwa deni kwa mama ntilie, tukagawana chumba, tukaazimana nauli. Njaa niliijua. Lakini njaa ile haikuwahi kunigusa haki ya kuwepo. Vivyo hivyo kufeli. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, unarudia, ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni, unarudi kwenu, na kwenu ni hapohapo nchini, utajipanga upya. Hapa kufeli kunafika mpaka kwenye kadi. Ofisi inapoongeza muda hutazama kama masomo yanaweza kumalizika kwa muda unaoeleweka, na inaweza kukiuliza chuo. Ukifutwa chuoni, sababu ya kibali nayo imekwisha. Nimeona watu wanaachana na somo wanalolipenda kwa sababu lina mtihani mgumu, wakachukua jepesi ili makaratasi yao yabaki safi. Chuo kinampoteza mtafiti, na hakuna mahali popote panapoandikwa kwamba kimempoteza.

Haya yote mtu anaweza kuyapanga. Kisichopangika ni kusubiri, na ndicho hasa kilichonifanya niandike.

Katika sheria hiyohiyo kuna kifungu cha 81, na ndani yake ibara ya 4, ambayo naiheshimu kila ninapoisoma. Inasema hivi: ukiomba kuongezewa muda kabla kibali chako hakijaisha, kibali cha zamani kinahesabiwa kuwa kinaendelea mpaka ofisi itoe uamuzi. Kinaendelea pamoja na haki zake, ikiwemo kufanya kazi. Ofisi ikae wiki mbili au nusu mwaka, wewe hujawa mkosaji. Ushahidi wa hali hiyo ni karatasi ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Ukiomba baada ya tarehe kupita, kinga hiyo haiji yenyewe tena, inabaki ofisi ikuonee huruma kwa sababu ya ugumu uliopita kiasi. Yaani sheria imekaa chini ikajiuliza: ofisi ikichelewa, mzigo abebe nani? Ikajibu kwamba mwombaji aliyewahi asibebe.

Sasa mkumbuke nyumbani. Mwaka 2019 laini za simu zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na ili usajili ulihitaji kitambulisho cha taifa au walau namba yake. Watu walijaa foleni za vitambulisho kuanzia alfajiri. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Miongoni mwa waliozimiwa walikuwemo wasiojali, sawa. Lakini walikuwemo pia waliokwisha kujaza fomu, wakapigwa picha, wakatoa alama za vidole, na wakawa wanasubiri namba itoke. Hao walikuwa wamefanya kila walichoambiwa. Laini ilipozimwa, pesa iliyokuwa kwenye simu nayo ikafungiwa humo. Serikali iliongeza siku kwa watu wote sawasawa, wakati swali lilikuwa la wale waliokwisha omba. Hatukulijibu wakati ule, na sioni kama tumelijibu mpaka leo.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaosema Wajerumani wana makaratasi tu na sisi tuna utu. Kifungu kile ni utu ulioandikwa. Unamlinda asiyemjua mtu yeyote.

Ila siwezi kuishia hapo, kwa sababu nimeishi upande wa pili wa kifungu hicho. Ofisi iliyokuwa na faili langu ilipokea ombi langu likiwa limewahi, ikanirudishia barua pepe ya mashine, kisha kimya. Kadi ikaisha. Kupata miadi ya kuchukua karatasi ya muda kulichukua miezi, na kwa miezi hiyo nilikuwa na haki zote zilizotajwa kwenye ibara ya 4 bila kitu cha kumwonyesha mtu. Msimamizi wangu wa kazi alitaka karatasi, na alikuwa sahihi kuitaka, kwa maana mwajiri anawajibika kuhakikisha anayemwajiri anaruhusiwa kufanya kazi. Mwenye nyumba naye akauliza. Nyumbani ningekwenda pale ofisini, ningesema shikamoo, ningeeleza, hata kama ningeambiwa nirudi kesho. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa angeniandikia barua kwa sababu ananijua tangu nikiwa na yunifomu ya shule. Hapa kuna sanduku la barua pepe tu, na sanduku halikumbuki kwamba uliandika wiki iliyopita.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa changu. Mwenzetu tunayesoma naye, dada wa Kigoma, alifiwa na baba yake wakati kadi yake imeisha na karatasi haijatoka. Kisheria, mwenye karatasi inayosema kibali chake kinaendelea chini ya ibara ile anaweza kutoka na kurudi, akiwa na pasipoti na kadi yake ya zamani. Haki alikuwa nayo, ushahidi hakuwa nao. Akitoka bila karatasi, kaunta ya shirika la ndege siku ya kurudi ingemzuia, na masomo ya miaka mitatu yangebaki upande wa pili wa bahari. Alibaki. Tulikaa naye jikoni mwa bweni, Watanzania, Wakenya, na Mkameruni mmoja aliyepika usiku kucha. Mazishi aliyaona kwenye simu ya binamu yake, mtandao ukikatika. Akina mama nyumbani walisema amekuwa Mzungu, hata msiba wa baba yake hakuja. Hilo naomba litufikie sote tulio na watoto au wadogo nje: kabla ya kumhukumu mtu kwa kutofika msibani, muulizeni kwanza hali ya kibali chake.

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja, msiisubiri tarehe ikaribie. Tuma ombi miezi mitatu kabla, hata kama hati moja haijakamilika, useme utaileta. Hifadhi kila ushahidi wa siku uliyotuma. Omba karatasi ya muda ndani ya barua hiyohiyo ya kwanza, kwa maneno ya wazi, ukitaja ibara ya 4 ya kifungu cha 81. Angalia pia mwisho wa pasipoti yako, maana kadi haitolewi kupita pasipoti, na pasipoti mpya ina safari yake ya ubalozini Berlin. Vyuo vingi vina dawati la wanafunzi wa kigeni, na mtu wa dawati hilo akipiga simu husikilizwa kuliko wewe. Nenda kwake mapema, kabla hujalia.

Nyumbani tuna wanafunzi wa kigeni pia. Pale chuoni tulikuwa na Wakomoro na Wazambia waliokaa nchini kwa kibali cha ukaazi cha Daraja C, na kuna siku walikosekana darasani wakifuatilia makaratasi yao Uhamiaji. Hatukuwahi kuwauliza hali zao zikoje kadi inapoisha. Ningependa Bunge letu liandike sentensi moja kama ile ya ibara ya 4, iwaguse wao, na iwaguse raia wanaosubiri kitambulisho au leseni: risiti ya ombi lililowahi iwe na nguvu ileile ya hati inayosubiriwa, mpaka ofisi itoe jibu. Na kwa ofisi za huku, zenye sheria tayari, ombi langu ni kwamba karatasi hiyo itoke yenyewe siku ombi linapopokelewa, kwenye barua pepe ileile ya mashine.