Mnasubiri mfadhili awachoree hadi mdomo?

Juzi nilialikwa kwenye semina ya vijana wa sanaa hapa Tanga, zile za kiyoyozi, chupa ya maji na kalamu yenye nembo. Mada ilikuwa kwa nini mkoa wetu hautoi katuni zake. Mwezeshaji akawasha projekta, akatuonyesha simba wa Kimarekani ambaye manyoya yake yanapepea unywele mmoja mmoja, halafu akatangaza kwamba bila bajeti ya namna ile tusijidanganye. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kijana mmoja wa Makorora, ambaye nimeona kwa macho yangu anavyochora, akafunga daftari lake akahamia kwenye simu. Kikao kikaazimia kuandika andiko la kuomba ufadhili. Tukala wali kuku, tukatawanyika.

Mwezeshaji yule ni rika langu. Nina hakika naye kakulia mbele ya TV ya jirani akimwangalia Fred Flintstone, yule baba wa katuni ya zama za mawe, akikimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe, anapita dirisha, kiti, dirisha lilelile, kiti kilekile, sebule ndefu kama barabara ya kwenda Pangani. Nani alilalamika? Tulicheka mpaka mwenye TV akatishia kuizima.

Na waliomchora Fred hawakuwa watu wa kubahatisha. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa kwenye studio ya filamu ya MGM tangu miaka ya 1930, na kuanzia 1940 wakatengeneza filamu fupi 114 za Tom and Jerry. Wakabeba Oscar 7. Huko walichora kwa anasa, kila mkunjo wa mkia una mchoro wake. Mwaka 1957 kampuni ikafunga idara yao ya katuni, kwa sababu wakubwa walipiga hesabu wakaona kurudisha filamu za zamani kwenye kumbi kunaingiza karibu pesa ileile ya kutengeneza mpya. Watu wenye Oscar 7 wakawa mtaani. Wakabisha hodi kwenye televisheni, wakakuta fungu la dola kama 3,000 kwa dakika tano. Filamu moja ya Tom and Jerry, dakika kama saba tu, ilikuwa inakula zaidi ya mara kumi ya hizo.

Hapo ndipo sisi tungeandika andiko. Wao walichukua pesa iliyopo wakaanza kazi mwaka huohuo.

Mtazameni vizuri Yogi Bear, dubu waliyemchorea televisheni. Dubu mzima, uchi wa mnyama, lakini kavaa kola na tai. Mnadhani ni umaridadi? Kola ile inaficha mshono. Kiwiliwili kimechorwa mara moja kwenye karatasi angavu kikaachwa hapohapo. Kichwa kiko kwenye karatasi nyingine inayolazwa juu yake. Dubu akigeuka kumtazama rafiki yake mdogo Boo-Boo, kinachochorwa upya ni kuanzia kwenye kola kwenda juu. Akiongea, mara nyingi kinachobadilika ni mdomo peke yake, na midomo yenyewe ni ya kuhesabu, inapokezana zamu. Akitembea, ni hatua zilezile zinarudiwa huku mandhari ikivutwa nyuma yake. Akijigonga kwenye mti humuoni akijigonga: anatoka kwenye picha, kamera inatikisika, unasikia kishindo, kisha unamkuta kakaa chini nyota zinamzunguka kichwani. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Ukikagua picha moja baada ya nyingine ukauliza hapa kimesogea nini, utashangaa mara ngapi jibu ni kope tu.

Wala hawakukurupuka. Enzi za Tom and Jerry, kabla ya kuchora filamu kamili, walikuwa wanapiga picha michoro michache ya mikao muhimu ili waone kama kichekesho kinafika. Kilikuwa kinafika. Kwa hiyo televisheni ilipowabana, walishajua kwamba kicheko hakiko kwenye wingi wa karatasi.

Chuck Jones, mchoraji mkubwa kwelikweli, aliziita katuni za namna hii redio yenye picha. Alikuwa anatukana. Lakini jamani, mnamwambia mtu wa pwani kwamba kitu fulani ni redio yenye picha halafu mnategemea akasirike? Sisi tumelelewa na redio. Pwagu na Pwaguzi walitukusanya kwenye baraza bila hata picha moja, na kila mtu alijua wamevaaje.

Katika mtindo huu sauti ndiyo inayobeba gunia. Daws Butler alikuwa Yogi, alikuwa mbwa Huckleberry Hound, alikuwa farasi Quick Draw McGraw, koo moja hilohilo. Mel Blanc, sauti ya Barney jirani yake Fred, alipata ajali mbaya ya gari Los Angeles mwezi Januari 1961, akafungwa plasta karibu mwili mzima. Vifaa vya kurekodia vikapelekwa nyumbani kwake, akaigiza akiwa amelala chali. Ukiitazama huwezi kujua, maana Barney anaruka kama kawaida.

Sasa nendeni stendi ya Kange. Yupo mpiga debe pale ambaye kwa pumzi moja anakuwa kondakta, bibi wa Lushoto na trafiki. "Bibi, gunia limekaa siti yako, wewe unakaa wapi?" Bibi anajibu kwa sauti nyembamba yenye lafudhi ya milimani: "Nimelikatia tiketi, mjukuu wangu, mimi ndiye mzigo." Trafiki hasemi kitu, anakohoa tu, na kikohozi kile kila dereva anakijua bei yake. Huyo mtu anahitaji michoro mingapi? Mitatu, na midomo ya kubadilisha.

Haya, nakubali, njia hii ina uchafu wake. Baada ya Scooby-Doo, katuni ya mbwa mwoga, kupendwa mwaka 1969, studio ya Hanna na Barbera ilianza kujinakili yenyewe bila haya, mpaka mwaka 1976 ikatuletea Jabberjaw, papa anayepiga ngoma kwenye bendi. Papa! Na mandhari za kurudia zilifika mahali zikachosha hata watoto. Pia kuna hadithi ambazo hazitaki ubahili huu. Ngoma ya kweli, kwa mfano, ukiichora mdomo tu umeiua.

Na msiniambie haijawahi kuwezekana kwetu. Ubongo Kids, katuni ya kufundisha watoto, ilianza kurushwa TBC mwaka 2014, imetoka Dar, inaongea Kiswahili.

Ambacho Hanna na Barbera hawakukibania ni maneno. Waliwachukua Warren Foster na Michael Maltese, waandishi waliokuwa wamewachekesha watu miaka na miaka pale studio ya Warner Bros., wakawapa kalamu. Kwa hiyo fungu likipatikana, hata la mfukoni, aanze kulipwa mwandishi, afuate mwenye sauti, wachoraji wagawane kinachobaki na kola za kutosha. Na huyo mwandishi mlipeni pesa, si cheti cha ushiriki.