Karafuu za Mavyaa

Nijitetee mapema: sikumnywesha mavyaa wangu fedha kwa kukosa viungo jikoni, kama anavyowasimulia watu huko Malindi.

Mimi natengeneza bangili za fedha nyumbani, hapa Mombasa, juu ya meza ya jikoni. Nazitia shanga na vipambo vya kuning'inia: nyota, mwezi, samaki, dele la kahawa, na kijahazi ambacho hunitoa jasho, maana tanga lake ni jembamba kama ganda la kitunguu. Kimoja hakizidi punje ya kunde. Sasa akaja bibi arusi mtarajiwa, akaagiza bangili ya vipambo saba na shanga nyekundu, kwa sharti moja: isimetemete. "Nataka ionekane nimerithi kwa nyanya." Nyanya mwenyewe yu hai na huvaa bangili za plastiki, lakini mimi nani?

Sonara mmoja mzee aliyenifundisha kulehemu alishanipa siri yake: yai. Unalichemsha mpaka liwe gumu, unalipasua lingali moto, unalifungia pamoja na fedha mahali pasipopitisha hewa. Yai lina salfa, na salfa ikikutana na fedha huitia weusi. Ukitoka hapo unasugua juu juu tu, mifereji inabaki myeusi, na kitu cha jana kinageuka cha zamani. Ule utando wa kijani unaozunguka kiini kilichochemka kupita kiasi nao ni kazi ya salfa hiyohiyo. Mzee alisema yai moja. Mimi nikachemsha sita. Mkono wangu umezoea kupikia shughuli.

Chombo kinachofunga vizuri kwangu ni kimoja tu, hotipoti la chapati. Nikapanga mayai, katikati nikakalisha kikombe cha kahawa chenye vipambo vyangu saba, nikafunika, nikatoka kwenda kutafuta shanga.

Niliporudi alasiri nikakuta viatu vya mavyaa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Napita tu, narudi na matatu ya jioni. Mayai nimekula manne. Yanuka kidogo, lakini nilikuwa na njaa. Na chai nimejipikia, nimejaza na chupa yangu ya njiani."

Hotipoti wazi. Kikombe hakimo.

"Mama, na vile vitu vyeusi?"

"Karafuu? Nimezimimina zote kwenye chai. Lakini mwanangu, wameshakuuzia karafuu mbovu. Nusu saa zachemka, hazitoi hata harufu!" Miwani, akaongeza, aliisahau kwao.

Fedha safi huyeyuka ikifika nyuzi 961. Mimi niliyeyuka palepale, bila moto.

Alipoingia kutawadha nikaivamia sufuria. Nikatia upawa, nikamimina kwenye chujio: ting', nyota. Ting', samaki. Na weusi ulivyokaa! Sijawahi kupata weusi mzuri kama ule, nusura nimwombe awe anakuja kila wiki. Nikahesabu sita. Kijahazi hakipo. Nikapekua majani ya chai, nikapekua tangawizi, nikachungulia sinki. Mavyaa alipotoka akicheka nikamkagua na meno. Kumwambia sikuthubutu, angeamini amekunywa sumu na mtaa mzima ungejua kabla ya magharibi. Nikambebea mkoba mpaka stendi, na ile chupa ya chai ndani yake. Akili haikunijia kabisa.

Usiku nikakaa mpaka saa nane nikichonga kijahazi kingine. Tanga lilinivunjikia mara mbili.

Alfajiri simu ikalia.

"Wewe! Karafuu yako imenigonga jino!"

Nikanyamaza.

"Nimempa mjukuu aiangalie. Asema ni jahazi."

"Ndiyo mama. Ni jahazi. La fedha."

Kimya. Nikamsikia akinong'onezana na mtu.

"Fedha ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Haya. Sasa jahazi bila mkufu nitalivaaje?"