Maelezo ya zana ya kudaunlodi yaanzie kwenye kufeli

Wiki mbili zilizopita nimekaa zangu Mwanga hapa Kigoma naandika maelezo ya zana ndogo niliyoitengeneza, kazi yake moja tu, wakala wa AI anaipa linki yenyewe inaenda kudaunlodi faili na kuliweka kwenye folda. Nikisema wakala sio yule wa kutoa hela chini ya mwamvuli, naongelea ile programu ya AI unayoipa kazi inajifanyia yenyewe hatua kwa hatua. Maelezo nikaona ni ya dakika mbili, nikaandika mstari mmoja, "Inadaunlodi faili kutoka kwenye linki na kulihifadhi", nikampa wakala kazi nikaenda kula.

Narudi nakuta kashamaliza, kanipa muhtasari wa ripoti umepangika kweli, una vichwa na vipengele na kila kitu. Nafungua folda nakuta ripoti.pdf, KB 4. Ripoti gani ya KB 4 jamani? Nikaifungua kama maandishi ya kawaida, PDF ya ukweli ukiifungua hivo inaanza na %PDF, hii inaanza na <!DOCTYPE html>, yani kumbe ni ule ukurasa wa "ingiza neno la siri" umevishwa jina la PDF. Na muhtasari wote ule katunga kichwani.

Najua mtu atasema si ndo AI hizo, zinadanganya. Sawa, kutunga katunga, ila aliyemwambia "faili limehifadhiwa" ni zana yangu, na maelezo yangu hayakumwambia popote kwamba kuhifadhiwa sio lazima kiwe kile alichokitaka. Nenda mwalo wa Kibirizi umwangalie mama anayejua kununua dagaa, hahangaiki na wale wa juu ya gunia, anazamisha mkono mpaka chini anatoka na kiganja anaangalia mchanga na unyevu, af ndo anaanza kuongea bei. Wakala hana huo mkono, alichonacho ni maelezo uliyomwandikia na jibu zana inalomrudishia, basi.

Na hii sio kwa sisi wanaojifunza tu. Chukua curl, programu ya kudaunlodi kwa kuandika amri, ipo toka 1998, ukiitumia hivi hivi seva ikajibu 404, yani ulichoomba hakipo, yenyewe inaupokea ule ukurasa wa kosa inauweka kwenye faili lako na inamaliza na namba 0, maana yake kwake mambo shwari, mpaka uiwekee --fail ndo inalalamika. Na bila -L linki ikiwa imehamishwa haiifuati. Binadamu haya anayazoea kwa kuumia, wakala kila akianza kazi ni mgeni.

Kwa hiyo nikafuta nikaandika upya, na safari hii nikaanza na kufeli. Sasa yanasema hivi: "Zana inarudisha namba ya jibu la seva, baiti zilizopokelewa, baiti zilizoahidiwa na aina ya faili kwa kusoma baiti za mwanzo, sio kwa jina. Kama umeomba PDF na aina imerudi HTML, usiisome kama ripoti, mwambie mtumiaji." Sehemu iliyonitoa jasho ni mtandao kukatika, maana huku mvua ikishuka unajua mwenyewe. Ukiomba kuendelea ulipoishia, seva ikijibu 206 ujue inakuletea kipande kilichobaki, ila ikijibu 200 imeanza upya toka mwanzo, ukiunganisha na kile cha zamani umepata takataka. Hilo nimeliandika wazi kabisa. Na ambacho haifanyi pia: haifungui zip, haigusi file://, yani mafaili ya ndani ya kompyuta yenyewe, na jina la faili lenye ../, lile la kutoroka nje ya folda, inalikataa.

Jamaa yangu akaniambia maelezo marefu yanakula tokeni, vile vipande vya maneno AI inavyosoma, maana yanaenda kwa modeli, yani AI yenyewe, kila mara. Kweli, ndo maana ni mistari kumi na tano sio sitini, nilichokata ni zile sifa za "zana yenye kasi na rahisi kutumia", wakala hanunui kitu, za nini.

Jana usiku nikaijaribu kwa faili la ramani la MB 380. Mtandao ukakata kwenye MB 210, wakala akasema halijakamilika anaendelea, seva ikajibu 200, akafuta kile kipande kama nilivyoandika, akaanza moja. Nikamsifia. Af ikaja ile meseji, bando lako limeisha. Kikomo cha saizi sikukiandika popote.