Povu la Kwenye Rozimari Si Langu

Mimi ni mtu wa kupiga mswaki bombani. Hapa uani kwetu Majengo, Moshi, hakuna mpangaji asiyejua kwamba kukipambazuka tu Baba Ester yuko bombani na kopo lake. Sasa pembeni ya bomba mama mwenye nyumba kaotesha rozimari, na rozimari siku hizi si kiungo tena, ni mtaji. Anaichemsha na karafuu, anajaza kwenye chupa, anawauzia kina dada wanaotaka nywele zirefuke. Masika yalipokolea, kila kitawi kikatokwa na povu jeupe, bonge moja moja pale majani yanapoungana na shina. Haya, nani ana povu katika nyumba hii? Baba Ester!

Nikaitiwa kikao. Mtu mzima na ndevu zangu nasomewa shtaka la kutemea mate biashara ya watu! Baba Junior wa chumba cha mwisho, ambaye kodi hajalipa tangu Krismasi, ndiye aliyenisema kwa uchungu kuliko wote. Mwingine akadai kuna mkono wa mtu, nikafarijika kidogo kwamba lawama sasa nagawana na wachawi. Duka la pembejeo nalo likamuuzia mama dawa ya kuua chochote chenye miguu. Halafu rozimari hiyohiyo ikapakwe kichwani kwa binti wa watu!

Aliyeniokoa ni binti wa chumba cha tatu, anasomea kilimo. Alichukua njiti ya kiberiti akalipangua lile povu taratibu. Ndani kimejibanza kimdudu cha kijani, laini, vijicho vimetokeza, kichwa kimeelekea chini. Kikajikokota mpaka kwenye povu lililobaki, kikazama tena, hakina habari na kesi yangu.

Akatueleza kwamba kinachoma mrija wake kwenye shina na kufyonza maji yanayopanda kutoka mizizini. Maji yale hayana lishe ya maana, kwa hiyo lazima kinywe kutwa kucha, na kikinywa sana kinatoa sana. Hicho kinachotoka nyuma ndicho kinachotiwa hewa mpaka kinaumuka, kimdudu kinajifunika humo ili jua lisikikaushe na adui wasikione. Rozimari haidhuriki wala nini. Ukikerwa, lisukume povu kwa maji, basi.

Yaani ni mkojo! Kuna kiumbe kajijengea nyumba kwa mkojo wake, kodi halipi, maji hayanunui, chakula anakula palepale alipolala. Mimi ninayelipa vyote ndiye niliyesimamishwa kikaoni kwa niaba yake.

Akikomaa anaachana na povu, anaota mabawa na kuanza kuruka. Mwaka 2003 Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika kuhusu wale wa Ulaya: mdudu wa milimita 6 anaruka juu mpaka sentimita 70. Mimi nikivuka mtaro tu goti linalia. Na wana ndugu zao hapahapa Afrika wanaojazana mtini hadi chini kunadondoka manyunyu na jua linawaka. Dereva wa boda aliyepumzika kwenye kivuli hicho, anayejifuta uso akishukuru mvua, mwacheni. Msimwambie.

Basi mama akaelewa. Dawa kairudisha, duka likagoma kurudisha hela. Mimi radhi sikuombwa. Nilichopewa ni kazi: kwa kuwa kila asubuhi niko bombani, niwe naipiga rozimari maji povu liondoke. Nimepiga, na bili ya mwezi imekuja imevimba, na hapa kwetu bili tunagawana kwa vichwa. Nikauliza kikaoni kama yule mpangaji wa kwenye rozimari naye anahesabiwa.

Baba Junior akaniambia nisilete utani kwenye mambo ya hela.