Waridi jeupe, na riwaya ninazosoma usiku

Pale New York, mahali minara miwili ya World Trade Center ilipokuwa imesimama kabla ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001, sasa kuna mabwawa mawili ya maji. Yamezungukwa na bamba za shaba zenye majina ya waliouawa siku ile, pamoja na watu 6 waliouawa hapohapo kwa bomu mwaka 1993. Majina hayo yamekatwa hadi upande wa pili, kiasi kwamba usiku mwanga hupenya ndani ya herufi. Siku ya kuzaliwa ya marehemu inapofika, waridi jeupe moja huchomekwa katika jina lake.

Siku ya kuzaliwa! Tarehe ya kufa karibu wote wanachangia moja. Ya kuzaliwa kila mmoja ana yake, na ndiyo siku ambayo mama fulani alimshika mtoto wake mikononi akamshukuru Mungu.

Waridi hilo limenibadilisha. Kwa miaka mingi, kila taifa lilipopatwa na msiba, maombi yangu yalianza na maneno yaleyale: Asante Bwana, mimi na wangu tumepona. Siku hizi siyatamki. Fikiria mjane ameketi benchi la nyuma yako anakusikia. Atabaki kujiuliza mume wake alimkosea nini Mungu.

Nilikuja kupata msaada katika Maombolezo, kile kitabu cha Biblia. Wababeli waliiteketeza Yerusalemu mwaka 586 K.K., na kitabu kinaanza na mji uliokaa ukiwa, uliokuwa umejaa watu. Maneno tunayoyapenda, kwamba rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi, yamo sura ya 3, katikati kabisa ya kitabu chenye sura 5. Baada yake kilio kinaendelea, na mstari wa mwisho ni wa watu wasiojua kama Mungu amewakataa. Sisi tumezoea kunyofoa ile aya tamu na kuiacha damu pembeni. Naomba tuache tabia hiyo. Aliyeomboleza alishukuru akiwa bado ndani ya majivu.

Hata Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alipotoa tangazo lake la siku ya shukrani mnamo Oktoba 1863, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea. Mauaji ya pambano la Gettysburg, katika vita hivyo, yalikuwa yametokea miezi mitatu tu kabla. Katika tangazo hilohilo aliwaomba watu wawakabidhi kwa Mungu wajane, yatima na waombolezaji. Hakuwatenga na meza ya shukrani.

Sasa, wapo wanaonishangaa. Mtu anayeanza siku na Maombolezo, inakuwaje usiku yuko na riwaya za Kikristo za mapenzi na taharuki, mwanamke anawindwa na askari mpole anamlinda? Tena nasoma nyingi, na sioni haya. Nazipenda kwa moyo wote.

Kinachonivuta ni jinsi hofu inavyowafanya watu waseme walichokuwa wanakiahirisha. Siku ile ya Septemba, katika ndege ya Flight 93, mojawapo ya zilizotekwa, walikuwamo abiria na wahudumu 40. Kati ya waliofanikiwa kupiga simu nyumbani, wapo waliozitumia dakika zao kuwaambia watu wao kwamba wanawapenda. Riwaya nzuri ya aina hii inajua jambo hilo. Kuna mtu nje ya dirisha, mlango una kitasa kibovu, na hapo ndipo bwana mkaidi anakiri kwamba tangu mkewe afariki hajawahi kusali kwa sauti. Nikifika hapo hunitoa machozi, hata kama muuaji nilishamjua tangu sura ya 4.

Halafu kuna ile staha yake. Waandishi wa Kikristo hawatupeleki chumbani, kwa hiyo upendo inabidi uonekane kwengine: kumsubiri mtu hadi ajifungie ndani ndipo uwashe gari, kukumbuka kwamba anaogopa giza. Mimi naona hilo linaufanya upendo uonekane zaidi.

Zipo zinazoniudhi. Shujaa aliyefiwa anavishwa pete sura ya mwisho na majonzi yake yanatoweka yote, kana kwamba marehemu alikuwa kikwazo cha harusi. Mwandishi wa namna hiyo hajakaa na mfiwa. Ninayempenda ni yule anayeacha kiti kimoja kitupu hata kwenye karamu, na bibi harusi anakitazama, analia kidogo, kisha anacheza.

Juzi usiku nilikuwa katikati ya sura ambayo dada wa mhusika mkuu hapokei simu. Nikaweka kidole kwenye ukurasa, nikashindwa kuendelea. Nikampigia dada yangu.

“Saa hizi? Kuna nini?”

“Hakuna kitu, dada. Nilitaka tu kukusikia. Nakupenda.”

Akanyamaza kidogo. Akasema na yeye ananipenda, halafu akaanza kunisimulia kwamba mwanawe amegoma kulala, amevua soksi moja na hiyo nyingine hataki mtu aiguse. Nikakifunga kitabu, nikamsikiliza mpaka mtoto akalala.