Kamati haitafuti mtu wa kila kitu

Siku hizi hapa Dodoma ukipewa kadi ya biashara na mtu wa sherehe, huwezi kujua anafanya nini hasa. Mbele imeandikwa MC, chini yake mapambo, ukiigeuza unakuta keki, muziki, picha, video, kukodisha viti, magari ya maharusi na "ushauri wa ndoa". Mwenye kadi ni mmoja na simu yake ni moja.

Mimi ni MC wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Harusi nachukua chache, kicheni pati sichukui kabisa, na kitambaa cha mapambo kinauzwaje kwa mita mtamuuliza mwingine. Wenzangu wananiambia naacha hela mezani. Mimi naona wao ndio wanaoziacha, na sababu yangu ya kwanza ni kamati.

Kwetu anayelipia sherehe si maharusi peke yao. Inakaa kamati, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na katikati yao karatasi ya bajeti: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC na muziki, picha na video, keki, matarumbeta, usafiri. Kila mstari anakabidhiwa mjumbe wake. Kikao kijacho mjumbe wa mapambo anasimama na majina mawili matatu na bei zake. Hapati nafasi ya kukusifia robo saa. Ana sentensi moja tu: "Kuna yule dada wa Kisasa, keki yake hata ikikaa nje kwa saa tatu haikauki." Ukiwa na kazi nane, mjumbe ataanzia wapi? Atasema "kuna jamaa anafanya fanya vitu vya harusi", na hapo mwenyekiti ameshahamia ajenda nyingine.

Ukija na furushi zima ndiyo unaharibu kabisa. Mweka hazina anaanza kuwaza: michango yote hii, jasho la ndugu na majirani, ipitie mkononi mwa mtu mmoja? Akiugua siku hiyo? Akizima simu? Msimcheke. Watu wameshalizwa.

Najua jibu linalofuata: Dodoma siyo Dar, ukichagua kimoja utalala njaa. Zamani ningekubali. Tangazo la makao makuu ni la mwaka 1973, lakini mji uliendelea kuwa wa kupita tu, mpaka mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhama kwelikweli. Sensa ya 2022 ilikuta jiji lina watu zaidi ya 765,000. Watumishi wamejenga Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, na watoto wao wanaoana hapa hapa: Mnyakyusa anaoa Mrangi wa Kondoa, Mhaya anaolewa na Mgogo wa Chamwino. Kazi zipo.

Ila tangu katikati ya 2024 treni ya SGR nayo ipo. Mpambaji wa Dar anapanda asubuhi na mchana yuko kwetu anapima ukumbi. Kamati yenye uwezo inamleta bila kusita, na akija anakuja na vijana wake na vifaa ambavyo wewe na kadi yako ya mambo nane hujawahi kuwa navyo, maana faida yako yote imeishia kukodi spika kwa huyu na viti kwa yule. Ukishindana naye kwa wingi wa huduma umekwisha. Kinachobaki ni kile ambacho yeye hawezi kukishusha kutoka kwenye treni.

Kwangu mimi ni utambulisho wa ndugu. Kwenye sendofu chakula kikipungua chumvi watu watasamehe. Mjomba asipotajwa, hilo litazungumzwa mpaka msibani. Kwa hiyo orodha ya ndugu naitaka wiki nzima kabla, na siichukui kwa bibi harusi mtarajiwa. Yeye ataniandikia marafiki wa chuo kikuu, UDOM. Naitaka kwa shangazi, ambaye ndiye anajua baba mkubwa ni yupi, baba mdogo ni yupi, na nani alilelewa tu pale nyumbani lakini lazima asimame na watoto wa kuzaliwa. Nikishaipata napiga simu pande zote mbili kuuliza majina yanatamkwaje. MC anayejikwaa kwenye Ng'hong'honha, kata iliyo hapa hapa jijini, atawafanya nini wazee wa Kigogo waliokuja na fimbo zao?

Na kama upande mmoja ni Wagogo na kina mama wanaleta muheme, naipangia muda wake kabisa. Mama akishaibana ngoma ile katikati ya mapaja na wenzake wakaitikia, hapunguziwi sauti kama wimbo wa kwenye kompyuta, na MC hapigi kelele juu yake. DJ anazima, siyo kupunguza. Nimeshaona watu wakubwa, wa suti na ving'ora, wakiacha viti vya mbele kwa ajili ya dakika hizo. Mimi ninapata nafasi ya kuyafikiria yote haya kwa sababu siku hiyo sihesabu sahani wala sijapanda ngazi kufunga vitambaa.

Lakini tusidanganyane kwamba jina la kazi linatosha. "Mpiga picha" bado ni bahari. Yuko mmoja ninayemheshimu ambaye kamati zinamwita kwa ajili ya picha za ukoo tu. Anawapanga watu arobaini, bibi katikati, watoto chini, na kwenye jua la saa nane la Dodoma shela nyeupe haiungui kwa mwanga wala uso wa bwana harusi hauwi kivuli. Picha za kurukaruka bustanini hazitaki.

Mwingine ni mpambaji wa sherehe za nje. Kwa mji wetu huo ni utaalamu kamili. Upepo wa kiangazi hapa hauna adabu. Hutoka zaidi mashariki, na ukitundika nyuma ya meza kuu kitambaa kizima umeweka tanga la jahazi, kitaondoka na nguzo zake. Yeye huanza kwa kuangalia upepo unatokea wapi ndipo aseme meza kuu ikae wapi. Vitambaa vyake vina nafasi za kupitisha hewa, miguu ya nguzo ina uzito wa kutosha, na chini hatandiki cheupe, kwa sababu vumbi letu jekundu mnalijua.

Miezi mikavu ya kazi ipo, sikatai. Kwaresma harusi za kanisani zinasimama, Ramadhani ikiingia za Waislamu nazo zinatulia, na mvua za Desemba mpaka Aprili zinawatisha wenye sherehe za nje. Basi lima zabibu. Fundisha tuisheni. Nunua bodaboda umpe kijana. Hakuna aibu yoyote kuwa na kipato cha pili, mradi kisipachikwe kwenye kadi ile ile eti ni huduma nyingine ya harusi.

Kamati ikiniuliza mpambaji, natoa namba mbili za watu ninaowaamini nikaishia hapo. Nao wakiulizwa MC wa sendofu wananitaja. Ombi langu kwao ni moja: msiongeze cha juu kwa ajili yangu. Sikitaki, na kwa Dodoma hakifichiki, mweka hazina wa kamati mara nyingi ni mhasibu wa serikali.