Mtandao wa monita nao uangaliwe
Makala niliyoisoma inazisifu monita zisizo na waya, yaani vifaa vinavyofuatilia mapigo ya moyo na kuyatuma kwa mawimbi ya redio, kwa kuwa zinamwezesha mgonjwa wa moyo kutembea wodini huku mapigo yake yakiendelea kuonekana kwenye meza ya wauguzi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini imepita haraka mno juu ya mtandao wenyewe, ambao ndio unaobeba taarifa hizo. Nimeshuhudia mstari wa mapigo ukikatika kwenye skrini kila mgonjwa alipopita nyuma ya chumba cha eksirei, kwa sababu madini ya risasi yaliyomo kutani huzuia mawimbi ya redio, na muuguzi akamkimbilia mtu ambaye kumbe alikuwa mzima kabisa. King'ora cha uongo cha namna hiyo kikilia mara kwa mara, masikio hukizoea, na hapo ndipo penye hatari.

Masafa ya redio ya gigahezi 2.4, ambayo baadhi ya monita hizi huyatumia, hutumiwa pia na simu za wageni na hata oveni za maikrowevu. Marekani ilitenga masafa maalumu kwa monita za wagonjwa mwaka 2000, yakiwemo ya megahezi 608 hadi 614, baada ya majaribio ya televisheni ya dijitali kuvuruga monita za hospitali mjini Dallas mwaka 1998. Pasipo na masafa ya aina hiyo, hospitali itenganishe walau mtandao wa monita na ule wa wageni, iweke umeme wa akiba kwenye kila kifaa cha kurushia mawimbi, na ipime nguvu ya mawimbi hadi ndani ya lifti na vyooni. Chooni hasa, maana huko mgonjwa huwa peke yake.